Kukonda Wakati wa Dhiki
Mtu aliyepatwa na msiba au hasara hupoteza hamu ya chakula, naye hukonda. Lakini majonzi na maradhi huweza kukutana katika mwili mmoja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kukonda kulikuwa miongoni mwa dalili zao kuu. Kisukari nacho hukondesha. Kadhalika kifua kikuu, ambacho huwanyemelea zaidi wachimbaji wavutao vumbi la miamba.

Mvuvi wa Nkome hupima samaki wake kwa mizani; na apime pia mwili wake. Mwenye kilo 60 akipungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, yampasa kuchunguzwa hospitalini, hata kama chanzo cha huzuni yake chajulikana.