Uchoraji na Uhuishaji katika Ufundishaji wa Sayansi: Mfano wa Malaria Homa Bay na Migori

Makala haya yanajadili jinsi uchoraji na uhuishaji, yaani uundaji wa picha zenye mwendo, unavyoweza kufundisha sayansi ndani ya somo la Kiswahili. Kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, kimedhihirisha kwamba Kiswahili kinaimudu kazi hiyo. Mfano uliochaguliwa hapa ni malaria, ugonjwa uliokithiri katika kaunti za Homa Bay na Migori.

Kauli iliyozoeleka kwamba "mbu husababisha malaria" ina kasoro. Mbu huieneza, kinachoisababisha ni kimelea. Tofauti ya vitenzi hivi si ya kimtindo tu. Mnamo Septemba 2019, chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya katika Kaunti ya Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti zilizohusishwa. Mzazi aliyefundishwa kwamba mbu ndiye chanzo ana haki ya kuuliza: chanjo ya mtoto itamzuiaje mbu? Naye anayeamini kwamba itamzuia huenda akakiacha chandarua.

Kwa kuwa kimelea hakionekani kwa macho, picha inahitajika. Mwalimu awaongoze wanafunzi kuchora hatua nne. Kwanza, mbu jike anauma na vimelea vinaingia mwilini. Pili, vinazaliana ndani ya ini. Tatu, vinavamia chembe nyekundu za damu na kuzipasua, homa inapanda. Nne, mbu mwingine anafyonza damu ya mgonjwa na kuvibeba. Kila hatua ichorwe katika kurasa kadhaa za kijitabu, mchoro ukibadilika kidogo kidogo. Kurasa zikipinduliwa upesi, jicho huona mwendo. Hapahitajiki umeme wala kompyuta.

Hata hivyo, mchoro pekee hausemi iwapo mbu anaeneza au anasababisha. Kwa hiyo, chini ya kila hatua mwanafunzi aandike sentensi moja yenye kitenzi sahihi. Baada ya hapo ataweza kuonyesha kwa kidole: chandarua huzuia hatua ya kwanza, chanjo hukilenga kimelea kabla hakijakita katika ini, dawa hupambana nacho ndani ya damu. Ataeleza pia kwa nini kinga moja haiondoi haja ya nyingine.

Ni dhahiri, basi, kwamba mwalimu wa Kiswahili ana nafasi katika elimu ya sayansi. Picha humwonyesha mwanafunzi kisichoonekana. Lugha humwezesha kukieleza nyumbani bila kupotosha.