Dondoo muhimu: Kwa mgeni atakaye kukaa Morogoro

Mgeni akusudiaye kuweka maskani Morogoro, awe mwalimu aliyeajiriwa Chuo Kikuu cha Sokoine au tajiri mwenye nia ya kuwekeza katika viungo vya Kinole, na afahamu kwanza ya kuwa Tanzania haina ile kadi ya ukaazi wa daima iliyozoeleka Marekani. Kilichopo ni kibali cha ukaazi chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, chenye muda na ukomo wake.

Daraja A ni la mwekezaji na mwenye biashara yake, B la mwajiriwa, C la mwanafunzi, mtafiti, mmisionari na mfano wao. Mwajiriwa asidhani kwamba kibali hicho peke yake chatosha, kwani idhini ya kufanya kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na hiyo ndiyo hutangulia. Mtafiti naye, hata kama shabaha yake ni vyura wa Uluguru tu, yampasa apate ruhusa ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kabla ya kupanda mlima.

Kibali kikipatikana, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) humpa kitambulisho mgeni mkaazi aliyetimiza miaka 18. Ama ardhi, asiye raia haipati ila kwa uwekezaji, na maneno matamu ya dalali yasimghuri.

Atakaye uraia shurti awe amekaa nchini jumla ya miaka 7 katika kipindi cha miaka 10, tena miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Kiluguru, kwa masikitiko ya wenyeji, hakimo katika sharti hilo.