TUJIFUNZE: MGONGO UKISHAFUNGWA, KAZI BADO IPO



Katika vikao vya parokia tunaulizwa mara nyingi: kwa nini mtoto wa mgongo wazi aliyekwisha kufanyiwa upasuaji anaombewa tena nauli?

Mgongo wazi hutokea kabla mwezi wa kwanza wa mimba haujaisha, pale uti wa mgongo unaposhindwa kujifunga. Mtoto huzaliwa neva zikiwa nje. Daktari huzitenganisha na ngozi, huzirudisha mahali pake, kisha hufunga tabaka kwa tabaka: kwanza utando unaozuia maji ya ubongo yasivuje, halafu nyama, mwisho ngozi. Inafaa ifanyike ndani ya siku 2 au 3 baada ya kuzaliwa, kabla vijidudu havijaingia. Upasuaji huu hauirudishii miguu nguvu iliyopotea. Wazazi waambiwe hivyo mapema, wasije wakadhani wamedanganywa.

Kisha huja kichwa. Wengi wa watoto hawa hujaa maji kichwani, mara nyingi wiki chache baada ya mgongo kufungwa. Njia ya zamani ni mpira mwembamba unaoshusha maji hayo hadi tumboni. Umeokoa wengi, ila huziba au huingiwa na vijidudu, na kijiji kikiwa mbali, hiyo ni hatari ya kifo. Ndiyo maana mwaka 2001, katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, Dk. Benjamin Warf alianza kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapate njia, na baadaye akaongeza kuunguza tishu inayoyatengeneza. Utafiti wa hapo Mbale uliotolewa mwaka 2017, juu ya watoto 100 waliojaa maji kwa sababu ya maambukizi, haukuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili kati ya njia hizi mbili baada ya mwaka mmoja. Faida ya tundu ni kwamba mtoto hategemei mpira. Lakini nalo huweza kuziba, hasa miezi 6 ya kwanza.

Sisi wenyewe tuliwahi kulipia upasuaji peke yake. Mama mmoja alirudi kijijini, utosi wa mwanawe ukavimba, akatafuta mnunuzi wa mbuzi wake ili apate nauli. Alipofika hospitali, mtoto haoni. Kosa hilo ni letu.

Basi mnapotembelea nyumba hizo, tazameni: kidonda kinachovuja maji mang'avu, homa, utosi uliojaa, kutapika, macho yanayoelekea chini. Yoyote kati ya hayo ni safari ya siku hiyo hiyo. Mtoto asilazwe chali mpaka kidonda kipone. Kichwa kipimwe kwa futi ya fundi cherehani kila wiki na kuandikwa kwenye kadi. Mama afundishwe kumtoa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku, maana mkojo unaobaki huharibu figo polepole, bila kelele.

Katika bajeti ya robo ijayo, tunaomba nauli ya kurudi kliniki iandikwe pamoja na gharama ya upasuaji, katika fungu moja.