Somo la Kutu: Kutoka Msumari hadi Chuma cha Mfupani

Tufundishapo kutu katika shule za vijijini, kama zile za Marui wilayani Kisarawe, mwanafunzi aweza kutuuliza: "Mwalimu, baba alivunjika mguu, akatiwa chuma Muhimbili. Je, nacho kitashika kutu?" Swali hili tusilipuuze. Mtoto huyu hatafuti alama. Anamhofia baba yake.

Jibu lianze kwa jaribio. Tuchukue misumari mitatu. Wa kwanza tuusugue kwa msasa. Wa pili tuupake rangi pande zote. Wa tatu tuupake vivyo hivyo, na rangi ikikauka tuukwaruze mstari mmoja. Tuitie katika maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, yaani karibu na uchumvi wa damu. Baada ya siku chache wa kwanza utakuwa na kutu. Wa pili utakuwa mzima. Wa tatu utaliwa penye mkwaruzo. Wanafunzi waseme wenyewe: kinachouokoa msumari ni uso wake.

Ndipo tueleze. Vyuma vya mifupani aghalabu ni vya pua isiyoshika kutu au vya aloi ya titaniamu. Aloi moja itumikayo sana ina asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadiamu. Titaniamu ikipata oksijeni hujifunika utando wa oksidi, wenye unene wa sehemu chache tu za milioni za milimita. Rangi ikikwaruzwa hubaki wazi, bali utando huu hujifunga tena mara moja.

Mafundi huuimarisha. Huosha kipande kwa asidi ya nitriki ili kuondoa chembe za chuma zilizokishika, au hukipitishia umeme ndani ya kimiminika ili utando unenepe. Pengine uso huparuzwa makusudi ili mfupa uushike. Lakini uso wa namna hiyo hugusana zaidi na majimaji ya mwili, hivyo huhitaji ulinzi zaidi.

Hata hivyo, tusidai kwamba titaniamu hailiki kamwe. Vipande viwili vikisuguana daima, utando hukosa nafasi ya kujifunga, na metali huvuja mwilini.

Basi mtoto ajibiwe kweli: chuma cha baba hakiliki kama msumari, kwani kina ngozi ya kukilinda, lakini akiona maumivu au uvimbe, arudi kwa daktari.

Zoezi: Jaribio la misumari linafanana wapi na titaniamu, na linatofautiana wapi?