Uhalisia na Hadhira: Uhakiki wa "Kifo cha Bikira" cha Caravaggio

Utangulizi

Fani na maudhui ya kazi ya sanaa hupimwa na hadhira, na hadhira hazifanani. Makala haya yanachunguza picha moja ya altare ya enzi ya Baroko ili kuonyesha kuwa sifa iliyosababisha ikataliwe ndiyo hiyo hiyo iliyoihifadhi.

Chimbuko

Mwaka 1601, mwanasheria Laerzio Cherubini aliandikiana mkataba na mchoraji Caravaggio amchoree picha ya kifo cha Bikira Maria. Picha hiyo ilikusudiwa altare katika kanisa la watawa Wakarmeli, Santa Maria della Scala, mjini Roma. Wakati huo wachoraji walifungwa na maagizo ya Mtaguso wa Trento, uliohitimishwa mwaka 1563: picha za kanisani ziwafunze waumini, ziwaamshe kiroho, na zisikiuke heshima.

Fani

Turubai hiyo ina urefu wa sentimita 369 na upana wa sentimita 245. Maria amelazwa akiwa na vazi jekundu, tumbo limevimba, mkono umelegea, nyayo ziko wazi. Mitume wamesimama kwa majonzi, naye Maria Magdalena ameinama akilia, uso hauonekani. Hakuna malaika wala mbingu iliyofunguka. Utakatifu unadokezwa na duara jembamba la nuru kichwani. Huu ni msiba wa watu wa kawaida.

Kukataliwa

Watawa waliikataa. Tabibu Giulio Mancini aliandika kuwa mchoraji alimtumia kahaba kama kielelezo cha Bikira. Giovanni Baglione, hasimu wa Caravaggio, alitaja uvimbe na miguu iliyo wazi. Yapo pia maelezo ya kiitikadi: waumini waliamini kuwa Maria alipalizwa mbinguni, ilhali picha hii inaishia kwenye maiti. Hoja hii inapata nguvu kutokana na yaliyompata Carlo Saraceni, aliyepewa kazi ya kuchora badala yake. Picha yake ya kwanza nayo haikuridhisha. Iliyokubaliwa ina malaika.

Kuhifadhiwa

Mwaka 1607, kwa ushauri wa mchoraji Rubens, Mtawala wa Mantua aliinunua picha hiyo. Kabla haijaondoka Roma, ilionyeshwa hadharani kwa muda wa wiki moja kwa ombi la wachoraji. Baadaye ilimilikiwa na Mfalme Charles I wa Uingereza. Alipouawa mwaka 1649, mali yake iliuzwa, na mwaka 1671 picha ikanunuliwa na Louis XIV wa Ufaransa. Leo imo katika jumba la Louvre, Paris.

Hitimisho

Mtaguso ulitaka sanaa iguse nyoyo za waumini. Caravaggio alilitimiza agizo hilo kwa kuchora huzuni ambayo yeyote aliyefiwa huitambua, lakini kwa kufanya hivyo akagongana na sharti la heshima. Watawa waliona maiti; wachoraji waliona ukweli wa maombolezo. Hivyo basi, mhakiki anaposoma kuwa kazi fulani "imeshindwa", hana budi kuuliza kwanza: imeshindwa mbele ya nani?