Wahaka wa Mgonjwa wa Saratani na wa Mwuguzaji Wake

Mgonjwa wa saratani wa Karagwe au Kyerwa akiandikiwa tiba ya mionzi, kwa kawaida huelekezwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi haitolewi yote kwa siku moja. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, dozi hugawanywa kwa muda wa majuma 5 hivi, siku 5 kila juma, ili seli nzima zipate nafasi ya kujirekebisha. Basi mwuguzaji, pengine binti au mume, huiacha migomba na kahawa kwa zaidi ya mwezi.

Katika safari hiyo wote wawili hushikwa na wahaka. Ubongo huziamsha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini na kotisoli katika damu: moyo huenda mbio, tumbo husokota, usingizi hupaa. Kwa mtu aliyekutana na nyoka shambani, hali hii ni msaada, tena hupita upesi. Mwenye kungoja majibu ya maabara hukaa nayo majuma mazima.

Mwaka 2016 wachunguzi wa University College London walichapisha jaribio la kufaa darasani. Watu 45 walikisia, katika mchezo wa kompyuta, kama chini ya jiwe mna nyoka. Alipokuwamo, walipigwa umeme mkononi. Jasho lao na mboni za macho zilionyesha kuwa wahaka ulikuwa mkubwa kabisa pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, kuliko hata walipojua kwa hakika kwamba watapigwa.

Kwa maoni yangu, mwuguzaji ndiye hasa akaaye katika nusu hiyo. Mgonjwa huingia chumbani, akatambua kuwa miale yenyewe haiumi. Mwenzake hubaki nje ya mlango na hadithi za jirani. Na jamaa wanaomficha mgonjwa jina la ugonjwa wake, ingawa kwa huruma, humrudisha naye katika nusu hiyo hiyo.

Kwa wanaotibiwa kwa dawa za mishipani kuna jambo la ziada. Mbwa wa Pavlov walitokwa na mate kwa kusikia ishara ya chakula. Vivyo hivyo, mgonjwa aliyetapika baada ya dozi za awali aweza kutapika kwa kunusa tu harufu ya wodi, kabla ya sindano. Wenye wahaka mwingi hupatwa zaidi, na dawa za kawaida za kuzuia kutapika haziiwezi vema hali hiyo. Ndiyo sababu maelezo ya siku, ya mtambo na ya madhara yafaa yatolewe kabla ya dozi ya kwanza, na mwuguzaji awe ameketi papo hapo akiyasikia.