Dondoo muhimu: Chagua, kisha usirudi nyuma

Ukicheza mchezo wa video wa The Witcher 3 (2015), soma kila jibu kabla ya kubonyeza. Matokeo huja saa nyingi baadaye, wakati umeshasahau ulichosema.

Wachawi wa kinamasini watakutuma kuua roho iliyofungwa chini ya mti. Ukiifungua, yatima walio mikononi mwa wachawi hao wanaokoka, lakini mke wa Baron, mtawala wa eneo hilo, anakufa na Baron mwenyewe anajinyonga. Ukiiua, Baron anabaki hai. Watoto huwaoni tena. Mimi niliweka kidhibiti chini, nikanyamaza kwa muda.

Na Ciri, binti wa kulea wa mhusika wako, akivunjika moyo, rushianeni theluji badala ya kumpa pombe. Kitendo hicho kidogo huchangia kuamua hatima yake.

Hifadhi mchezo kwenye faili jipya kila baada ya kisa kikubwa, ila liguse utakapocheza mchezo mara ya pili tu.